Shamba la miembe Kimanzichana: nilipe Jumamosi au nisubiri?

MUULIZE BIBI SHAMBA

Shikamoo Bibi Shamba,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 46, naishi Mbagala na mume wangu ambaye ni fundi magari, pamoja na watoto wetu watatu. Tangu nikiwa msichana kwetu Muheza nimekuwa na hamu ya kumiliki shamba la matunda. Nikifika miaka 55 nataka niombe kustaafu kwa hiari, na ningependa siku hiyo inikute nina kitu kinachozaa.

Mwezi uliopita dalali alituonyesha shamba la ekari nne upande wa Kimanzichana, wilayani Mkuranga. Unashuka barabara ya Kilwa, kisha unachukua bodaboda kama nusu saa kuingia ndani. Kuna miembe mikubwa kumi na minne, mingi ni dodo na mingine siijui jina. Kuna mikorosho michache iliyozeeka, na sehemu iliyobaki ni kichaka. Muuzaji anataka shilingi milioni 12 kwa ekari zote nne. Anasema shamba lilikuwa la marehemu baba yake, yeye ndiye kaka mkubwa, na wadogo zake hawana shida. Anataka tuandikishane Jumamosi hii mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, tumalize. Dalali naye ananipigia asubuhi na jioni, anasema kuna mtu mwingine wa mjini ana fedha mkononi.

Tulipokwenda mara ya pili tukamkuta bibi mmoja mtu mzima anaokota maembe. Akatukaribisha vizuri, kisha akaniambia, "Mwanangu, hii mitatu ya upande huu ni yangu mimi, aliipanda marehemu mume wangu." Muuzaji akasema tusijali, bibi amezoea tu kuokota, tukishaweka uzio ataacha.

Fedha tulizonazo ni milioni 9. Nimeshachukua fomu ya SACCOS ya kazini ili nikope milioni 8, nilipe kwa miaka minne. Mpango wangu ni kukata miembe yote ya zamani, nisafishe shamba, nipande miche ya maembe aina ya Apple na Kent. Kuna hesabu ilitumwa kwenye kundi letu la WhatsApp: ekari moja miti 70, kila mti maembe 500, kila embe shilingi 500, jumla milioni 17 na nusu kwa ekari. Kwa ekari nne ni milioni 70 kwa mwaka. Hata ikija nusu yake, deni nalimaliza.

Mume wangu anakubali shamba lakini mkopo hautaki kabisa. Tumenuniana wiki nzima. Naomba unishauri kabla ya Jumamosi: ninunue? Nikate hiyo miembe? Na mkopo je?

Mama wa watatu, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kununiana na baba watoto wako. Nianze na la Jumamosi kwa sababu ndilo linalokimbia: usilipe. Usitoe hata ya kushika shamba.

Shamba lenyewe kwa maelezo yako linavutia. Ardhi ya Mkuranga ni ya mchanga, inapitisha maji, na mwembe unaipenda kwa sababu mizizi yake huenda chini sana na haitaki kusimama kwenye maji. Jua la Juni hadi Septemba, ambalo mazao mengine hulilalamikia, ndilo linaloufanya mwembe utoe maua. Na miti kumi na minne mikubwa iliyo hai ni ushahidi kwamba pale panafaa, ushahidi ambao kipimo cha udongo hakiwezi kukupa. Kwa hiyo sikuzuii kununua. Nakuzuia kununua kwa mtu mmoja kitu ambacho, kwa barua yako mwenyewe, kina wenyewe wengi.

Tuanze na kaka mkubwa. Baba akifariki, shamba haliendi kwa kaka mkubwa. Linakuwa mali ya marehemu mpaka ukoo ukae, umpendekeze msimamizi wa mirathi, na mahakama, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, imteue. Msimamizi huyo ndiye anayeweza kuuza au kugawa, naye anafanya hivyo kwa niaba ya warithi wote. Kama marehemu alikuwa Mwislamu, kama walivyo wengi wa ukanda ule, mjane na mabinti wana mafungu yao yanayojulikana, na binti aliyeolewa Kibiti au Temeke hajapoteza fungu lake kwa kuwa mbali. "Wadogo zangu hawana shida" ni maneno ya mdomo. Nimefanya kazi ya ugani katika mkoa wa Pwani mpaka nikastaafu, na migogoro mingi ya mashamba niliyoishuhudia haikuanza siku ya kuuziana. Ilianza baada ya mnunuzi kusafisha, kuchimba kisima na kupanda, pale thamani ilipoonekana. Hapo ndipo dada mtu anapotokea na wakili, na sheria iko upande wake.

Kwa hiyo omba vitu viwili. Kwanza, karatasi ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Pili, warithi wote watu wazima, pamoja na mjane kama yupo, wakae nawe na watie sahihi au dole gumba. Ukiambiwa karatasi ya mahakama haipo, waende wakaitafute kwanza. Inachukua muda na ina gharama kidogo. Kama wanataka kuuza kweli watakwenda.

Mwenyekiti wa kitongoji namheshimu, tena ni vizuri awepo kama shahidi kwa sababu anawajua watu. Lakini sahihi yake haihamishi ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na uhamisho unapita huko. Nenda ofisi ya mtendaji wa kijiji. Omba suala lako liingie kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, na mwisho upewe nakala ya muhtasari wa kikao wenye jina lako na la mumeo, ukubwa wa shamba na majirani wa pande zote nne. Muulize mtendaji kama shamba limewahi kupimwa au kutolewa hatimiliki ya kimila, na kama lina kesi. Ukitoka hapo pitia ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Wilaya, Mkuranga mjini. Ukanda wa barabara ya Kilwa unakua upesi, na baadhi ya maeneo yameshaingia kwenye mipango miji. Unaweza kujikuta umepanda miembe juu ya ramani ya shule.

Mipaka mtembee kwa miguu, nyinyi wawili na majirani wote wanne, mguse kila alama. Wengine hutumia minyaa, wengine mti wa zamani. Mwenye simu achukue nukta za GPS kila kona, ziandikwe kwenye mkataba.

Sasa nije kwa yule bibi, maana hapo ndipo barua yako iliponigusa.

Katika pwani yetu, kutoka Tanga mpaka Mtwara na huko visiwani, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Ni mila ya zamani na bado inaishi. Mtu aliweza kupewa sehemu alime mihogo au mpunga bila matatizo, lakini akitaka kupanda mnazi au mwembe alilazimika kuomba ruhusa ya wazi, kwa sababu kila mtu alijua kwamba aliyepanda mti wa kudumu amejiwekea haki pale. Miti imekuwa ikirithiwa, ikiuzwa, hata kuwekwa rehani, peke yake, ardhi ikibaki kwa mwingine. Na serikali yenyewe inapolipa fidia, mazao ya kudumu huhesabiwa mti kwa mti, kando ya thamani ya ardhi. Kwa hiyo bibi aliposema "aliipanda marehemu mume wangu" hakuwa anakusimulia habari za zamani. Alikuwa anakujulisha haki yake, kwa adabu, kabla hujatoa fedha. Muuzaji aliyekuambia uzio utamfukuza ndiye aliyekuonyesha jinsi anavyozitazama haki za wengine, na wadogo zake nao wamo humo.

Nenda kwa bibi. Usiende na dalali. Nenda na mumeo, mchukue sukari na majani ya chai, kaeni naye chini, mumuulize habari za shamba lile: nani alilifyeka, nani alipanda nini, nani ameshakuja kulinunua akashindwa. Utajua mengi kuliko utakayoambiwa ofisini. Kisha waulizeni wazee wawili watatu wa kijiji kama ni kweli miti ni yake. Ikithibitika, mna njia mbili. Mnaweza kuinunua ile mitatu kwake kwa bei ya makubaliano, iandikwe kwenye mkataba, mwanawe mmoja akishuhudia. Au mumwachie avune maisha yake yote, na hilo liandikwe pia, pamoja na njia atakayopita na nini kitafuata akishafariki. Mimi ningeshika hii ya pili. Maembe ya miti mitatu hayatakutajirisha, na wewe unaishi Mbagala. Shamba la mtu anayeishi mbali linahitaji jicho la mtu anayeishi karibu. Wezi wa maembe, ng'ombe wa wafugaji wanaopita, moto wa kiangazi unaoanzia kwa anayesafisha shamba lake: mtu wa kwanza kukupigia simu atakuwa yeye, kama utakuwa umeingia kijijini kwa heshima.

Tuje kwenye hesabu ya WhatsApp. Mwanangu, kuzidisha kwa hesabu ile ni sahihi, lakini miti yenyewe haipo. Mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa kikonyo cha mti wa aina nzuri, huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, na miaka miwili ya mwanzo unapaswa kuyaondoa maua yake ili ujenge matawi. Hapo unaanza na makumi machache ya maembe kwa mti. Mia tano ni mti uliokomaa, unaotunzwa, katika mwaka mzuri. Na mwembe una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja kisha kupumzika mwaka unaofuata, hasa dodo. Bei nayo haikungoji. Desemba na Januari pwani nzima inavuna kwa pamoja, malori yanashusha matenga Buguruni usiku kucha, na bei inashuka siku hadi siku. Ndiyo sababu wakulima wengi huuza mti mzima kwa mlanguzi ungali maua, kwa bei ndogo, ili waepuke usumbufu wa kuvuna na kusafirisha. Viwanda vya kusindika, kama vile vya Mwandege, vinachukua mzigo mkubwa, lakini hununua kwa kilo, na bei ya kilo ya embe la juisi haifanani na bei ya embe la mezani.

SACCOS, kwa upande wake, itaanza kukata mshahara wako mwezi unaofuata. Miaka yako minne ya kulipa itaisha kabla ile miembe mipya haijakupa fedha ya maana. Utakuwa unalipa shamba kwa mshahara huku shamba likikudai mlinzi, maji, dawa na nauli. Katika hili mumeo ana haki kabisa, na ningependa umwambie hivyo wewe mwenyewe, kisha urudishe fomu.

Badala yake, ongea na warithi muuziwe ekari mbili, upande wenye miembe mingi. Kwa bei wanayotaka ni milioni 6, na mkikaa vizuri itapungua. Milioni 3 inayobaki ndiyo fedha ya shamba: miche, kisima kifupi au tangi, mlinzi wa kiangazi cha kwanza. Watu wengi humaliza fedha yote kwenye ardhi, kisha shamba likarudi kuwa kichaka wakisubiri bonasi. Kuhusu ekari mbili zilizobaki, waombeni warithi wawape nafasi ya kwanza siku wakitaka kuuza, na hilo nalo liandikwe.

Miembe ya zamani usiikate. Nasema hili kwa uchungu maana nimeona mashoka yakipita kwenye miti iliyokuwa na uhai wa miaka mingi mbele yake, ili ipandwe miche iliyokauka mwaka wa kwanza. Mwembe mkubwa una mizizi iliyokwishayafikia maji. Unaweza kuubadilisha jina ukiwa umesimama. Baada ya mavuno, kabla ya masika, unakata matawi makubwa na kuacha moja lenye majani ili liulishe mti. Shina na vidonda unavipaka chokaa jua lisiviunguze. Machipukizi yatatoka mengi, unabakiza machache yenye nguvu, na yakifika unene wa penseli fundi anayabebesha vikonyo vya aina unayoitaka. Ndani ya miaka miwili au mitatu mti unazaa embe jipya, mapema kuliko mche. Fanya miti miwili au mitatu kwa mwaka, mingine iendelee kukuingizia fedha. Na baki na dodo kadhaa bila kuzigusa. Embe dodo lina watu wake mjini, na embe bichi linauzwa kwa wanaotengeneza achari na kachumbari muda mrefu kabla ya msimu kufurika.

Sehemu ya kichaka anza na nusu ekari au ekari moja ya miche mipya, panda masika yakishika. Nafasi ya mita 10 kwa 10 inakupa miti kama 40 kwa ekari, mita 8 kwa 8 inakupa kama 60. Ile 70 ya WhatsApp inawezekana tu kwa mtu anayepogoa kila mwaka bila kukosa, na wewe bado uko wodini. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganye na samadi iliyooza vizuri, kile kiungo cha kubebeshea kibaki juu ya udongo, na chipukizi lolote likitokea chini yake liondoe. Ukiliacha litaota mwembe ambao hukuununua. Kiangazi cha kwanza na cha pili kila mche unataka kama ndoo ya lita 20 kwa wiki. Kwa miche 40 ni lita 800, kila wiki, kwa miezi. Kabla ya kununua miche, jibu maji hayo yatatoka wapi na nani atayamwaga.

Apple ni embe tamu, lilianzia pwani ya Kenya upande wa Malindi, na soko la Dar es Salaam linalipenda. Lakini linashambuliwa sana na ubwiri unga, yaani ukungu mweupe kama unga, na chule, ugonjwa wa madoa meusi. Kwa hiyo usipande hilo peke yake. Changanya na Tommy Atkins, ambalo lina nyuzi kiasi lakini linavumilia safari, na Keitt, ambalo huchelewa kukomaa na kukukuta sokoni wakati wengine wamemaliza. Miche nunua kwenye kitalu kinachotambuliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu na miche, uone mti mama kama inawezekana. Miche ya kando ya barabara inaitwa Apple yote.

Maua yakitoka, majirani zako wa korosho watakuwa wanapuliza salfa kwa ajili ya ubwiri unga. Ugonjwa wa jamii hiyohiyo unaushambulia mwembe katika majira yaleyale, kwa hiyo jiunge nao, mkodi mashine pamoja. Dawa za wadudu usipulize maua yakiwa wazi, kwani nyuki na nzi wadogo ndio wanaokuchavushia.

Adui atakayekuvunja moyo ni nzi wa matunda aliyetoka Asia, aliyeonekana Kenya mwaka 2003 na kuenea upesi ukanda wetu wote. Jike hutaga ndani ya embe likiwa bado mtini, na unapolikata unakuta funza. Mitego yenye dawa ya kuvuta madume inasaidia, chambo cha protini kinaua majike, lakini kazi kubwa ni ya mikono: kila embe lililoanguka liokotwe, lifukiwe shimo la nusu mita na zaidi, wiki hadi wiki, msimu mzima. Jirani asipofanya hivyo nzi wake watakuja kwako. Hapo utafurahi kwamba ulikaa na watu vizuri tangu mwanzo. Katikati ya mistari, miaka ile ya kungoja, weka mananasi na kunde. Mkuranga inaotesha nanasi vizuri, na kunde inarutubisha mchanga ule.

Kesho mpigie dalali umwambie maneno haya tu: "Tutakutana kwa mtendaji wa kijiji, warithi wote wawepo, na karatasi ya msimamizi wa mirathi." Akikuambia yule mteja mwingine atalichukua, mwache alichukue. Akikubali, basi mmeshapata nusu ya safari, na masika yanaanza Machi, bado muda upo. Kikao kikiisha, piga picha ya muhtasari unitumie kabla hujatoa fedha. Nitausoma mstari kwa mstari, nikuambie kama kuna jina lililopungua.

Bibi Shamba